YAH: KUNI MBICHI NA VIPANDE VYA NGUZO ZENYE DAWA

Meneja,
Depo ya Kuni na Nishati,
Mafinga.

Ndugu Meneja,

Naandika kwa heshima, ingawa kwa nilivyotendewa kwenye depo yenu heshima yenyewe naitafuta kwa tochi.

Mkataba mnao: kuni za milingoti, yaani mikaratusi, iliyopasuliwa na kukaushwa, unyevu usiozidi asilimia 20. Mlichonishushia kwa ajili ya boila ya nyumba yangu ya wageni ni kuni zilizotoka msituni juzi, magome bado yana maji. Nyie ni watu wa nishati, mnajua kilo moja ya kuni kavu za kiwango hicho hutoa takriban kilowati-saa 4, na kilo ambayo nusu yake ni maji haifiki hata 2 na nusu. Nimenunua maji kwa bei ya kuni, tena Mafinga, tena Julai.

Hilo ningeweza kulimeza. Lakini ndani ya rundo mlichanganya vipande vya nguzo za umeme, vile vya kijani. Dawa yake ya kuzuia kuoza ni shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Vikichomwa, aseniki nyingine inaondoka na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu. Na majivu ya kwangu humwagwa kwenye matuta ya mchicha!

Nilikuja na kipande kimoja mkononi. Afisa mauzo wenu hakukitazama. Alisema, mbele ya madereva, "Mama, kuni ni kuni. Zikifika motoni zote zinawaka." Madereva wakacheka.

Naomba mje mzichukue kuni zenu na mniletee nilizolipia.

Asubuhi ya siku hiyo, kabla sijaja kwenu, mgeni mwenye mtoto mchanga alikuwa amegonga mlango wangu akiomba maji ya moto. Boila inatoa vuguvugu, dohani imeganda lami, moshi unarudi ndani. Nikamchemshia kwa gesi yangu ya jikoni. Ndipo nikaja kwenu, mtu mzima ninayeweza kumzaa kijana yule, nimesimama na gogo la sumu mkononi, naye haondoi macho kwenye simu: "Mama, kuni ni kuni." Kama kuni ni kuni, mbona ubao wenu wa bei una mistari mitatu, milingoti, paini na briketi za maranda, kila mmoja na bei yake?

Lile ombi la kubadilishiwa nimeliondoa. Nataka fedha yangu yote, gharama ya fundi wa dohani, majivu myazoe wenyewe na mniandikie mnakoyapeleka, na kijana huyo aniombe radhi mbele ya madereva walewale. Nawapa siku saba. Zikipita, kipande cha nguzo kitakwenda kwa afisa mazingira wa halmashauri, na barua hii Tume ya Ushindani, pamoja na picha za ubao wenu wa bei.

Wenu katika biashara, kama bado ipo,

Mwenye nyumba ya wageni