Barua ya Wazi: Mwanangu Apimwe Damu Hapa Hapa Amu

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya afya yetu hapa Amu, kisiwani Lamu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa heshima, lakini subira imenishinda.

Binti yangu ana vali ya chuma moyoni, kijilango bandia cha kupitishia damu. Alipasuliwa Nairobi. Walimlaza usingizi, wakausimamisha moyo, mashine ikapumua na kusukuma damu badala yake. Akiwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, na bomba kooni hakuweza kusema, akawa ananibinya kidole tu. Siku alipotolewa bomba, daktari wa usingizi aliniambia: "Mama, sisi tumemaliza, sasa kazi ni ya nyumbani."

Kazi yenyewe ni warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni, maisha yake yote. Ikipungua nguvu, damu huganda kwenye vali na kumletea kiharusi. Ikizidi, huvuja. Kwa vali kama yake kipimo cha INR, kinachoonyesha damu huchukua muda gani kuganda, hutakiwa kiwe kati ya 2.5 na 3.5, na hata akila mchicha au sukuma wiki kwa wingi kuliko kawaida, hesabu hubadilika. Bila kupimwa tunamnywesha dawa gizani.

Juzi usiku fizi zikaanza kumtoka damu hadi foronya ikalowa. Hospitalini tukaambiwa mashine ipo, vitepe vya kupimia vimekwisha, nendeni Mombasa. Mombasa, Mheshimiwa! Boti hadi Mokowe, kisha basi zaidi ya kilomita 300, mtoto kashika kitambaa mdomoni, nauli ya kukopa. Na kifua kilichopasuliwa hakipendi makorongo.

Pale Mkunguni, mbele ya ngome, ulituahidi vipimo vya damu havitakosekana tena. Nilikuwapo, nikapiga makofi. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hiyo tusielekezwe Nairobi kwa jambo hili. Mimi naona ama wauzaji hawajalipwa, ama hakuna anayeagiza mpaka kisanduku kiwe kitupu. Vyovyote iwavyo, anayevuja damu ni mwanangu.

Kwamba upasuaji wa moyo hauwezi kufanyika Amu, naelewa. Lakini vitepe hutosha kwenye mfuko wa nahodha. Naomba viwepo, Mheshimiwa. Viwepo mwezi huu, viwepo na ujao. Binti yangu atakiwa kupimwa tena wiki ijayo, na nitamleta hapo hapo hospitalini, asubuhi na mapema. Tafadhali, vitepe viwepo.

Mama wa mgonjwa, Amu