Barua kwa mwanangu: Yeremia 29:11 usiihubiri peke yake

Babangu,

Salamu zako nimepata na klipu ya mahubiri yako nimeisikiliza mpaka mwisho, na baba yako pia nimemsikizisha. Sauti imetulia sasa, hukimbii maneno kama zamani, na hapo nimemshukuru Mungu kweli. Lakini nataka tuongee kabla hujasimama mbele ya vijana hiyo Jumapili, kwa sababu umesoma Yeremia 29:11, ule mstari mmoja tu, alafu ukaingia moja kwa moja kwa kazi, ndoa, visa na ploti, ukamaliza kwa kuwaahidi ati kabla mwaka kuisha kila mtu atakuwa na ushuhuda. Mwanangu, hiyo ahadi haiko pale.

Hebu fungua sura ya 28 kwanza. Watu wa Yuda washabebwa Babeli, mfalme Yekonia naye kachukuliwa, vyombo vya hekalu vimeenda. Yeremia anatembea na nira ya mti shingoni kuonyesha kwamba watakaa chini ya Nebukadreza, mfalme wa Babeli. Anatokea Hanania, nabii wa Gibeoni, anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote anasema hivi ndivyo asemavyo Bwana, ndani ya miaka 2 vyombo vinarudi, Yekonia anarudi, waliochukuliwa wote wanarudi. Kisha akaitoa ile nira shingoni mwa Yeremia akaivunja palepale. Fikiria hilo kusanyiko lilivyojisikia! Maneno aliyoyatumia ni ya kinabii kabisa, na kila mtu pale alikuwa na ndugu Babeli anayemlilia.

Na ujue Yeremia alimjibu nini. Alisema Amina, Bwana na afanye hivyo. Hapo mi hukaa sana kila nikisoma, kwa sababu hakuwa mtu mgumu asiyependa watu wafunguliwe, naye alitamani iwe hivyo. Lakini kutamani ni kitu kimoja na Mungu kusema ni kitu kingine, na mhubiri lazima ajue tofauti yake kabla hajashika miki. Hanania alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba.

Sasa ndio inakuja sura ya 29, na ni barua, Yeremia anawaandikia wale walioko Babeli ambao nao wana manabii wao huko wanaowaambia mambo kama ya Hanania. Anawaambia jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozeni watoto wenu, na mji ule mliopelekwa utakieni amani na muuombee. Alafu mstari wa 10 anasema ikitimia miaka 70 ndio nitawajia. Sabini! Mtu mzima aliyesikiliza ile barua ikisomwa alijua yeye harudi, labda mjukuu wake. Baada ya hapo ndio unakuja mstari wako, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Kwa hivyo ule mstari umeandikiwa watu walioambiwa watasubiri mpaka wengi wao wazikwe ugenini, na ndio maana una nguvu vile. Ukiuchomoa kwa hiyo barua ukauwekea tarehe ya Desemba unakuwa umehubiri Hanania kwa kutumia maneno ya Yeremia.

Najua utaniambia mama vijana wamekata tamaa wanahitaji kutiwa moyo. Nami nawaona huku Kisauni, kijana ana cheti cha hoteli na kila msimu anaitwa kibarua miezi michache anarudishwa nyumbani, mwengine huenda bandarini alfajiri kutafuta kazi ya siku anarudi mikono mitupu. Hawa kila kesha la mwaka mpya wanaambiwa huu ndio mwaka wako, wanaruka, wanapanda mbegu, yaani wanatuma sadaka, kwa simu palepale, na Machi ukikutana nao hawaji kanisani tena. Hawajaacha kwa sababu Mungu amewadanganya, ila wao hawajui hilo, wanaona ni Mungu. Hicho ndicho kinaniuma. Aliyewaahidi anapata mwaliko kwengine, na wao wanabaki na ile aibu kwamba imani yao ilikuwa ndogo.

Na usidhani neno la madhabahuni ni jambo jepesi. Shakahola hapo Kilifi 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watu walifuata neno la mhubiri wao wakafunga mpaka kufa, na watoto wao ndani. Sisemi wewe ni kama wale, Mungu apishe mbali. Nasema mtu akishazoeshwa kupokea kila kinachosemwa mbele bila kufungua mwenyewe akasoma mstari wa juu na wa chini, siku akipata mhubiri mbaya hana kinga. Wale wa Beroya kwa Matendo 17 walimchunguza hata Paulo, na wakasifiwa.

Wewe Rabai umepita tangu mdogo tukienda kwa nyanya yako. Krapf, yule mmishenari, alifika Mombasa 1844 na mwaka huohuo akazika mkewe na mtoto mchanga, kaburi la mkewe liko huku upande wa Nyali. 1846 akaja mwenzake Rebmann wakaanza misheni ya Rabai, na Rebmann alikaa pwani miaka 29 mpaka macho yakaharibika, na waliobatizwa siku zake ni wachache mno. Kwa kipimo cha Hanania cha miaka 2 ungesema hana upako. Hao waambie vijana, ni watu wa hapa kwetu.

Kwa hivyo ihubiri, tena ihubiri kwa furaha, ila barua yote. Mstari wa 4 mpaka 14 usomwe kwa sauti, mpe binti mmoja anayesoma vizuri, asikimbizwe. Waambie yule aliyepewa kibarua cha miezi mitatu ajenge na hicho, anayetaka kuoa asingoje mpaka awe na gari, na huu mji wauombee, Wakristo na Waislamu wote, maana tukipata amani tunapata pamoja. Ile hadithi ya pasta na gari lake jipya itoe, inakula dakika bure.

Ukishaandika upya nitumie, hata iwe usiku, mi huchelewa kulala. Baba yako anasalimia, pesa ya nauli ashakutumia kwa Mpesa, angalia simu.

Mamako