Isidingo, kwaheri ya kuonana

Mhariri, naomba nafasi kidogo niiage Isidingo, ile tamthilia ya Sauzi iliyoanza 1998 ikaja kuzimwa Machi 2020 eti watazamaji wamepungua, yaani miaka zaidi ya 20 halafu basi. Sisi wa hapa Majengo Moshi tuliipenda mno, enzi inaoneshwa huku majirani wasio na tv walikuwa wanajaa sebuleni kwetu, mama anaepua maharage mapema ili asinyanyuke tena, na akitokea tu Barker Haines, yule mhusika mbaya, watu wazima wanaanza kumsema kwa sauti kama vile anawasikia! Robert Whitehead aliuigiza ule ubaya jamani, acha tu. Mimi nilikuwa upande wa Papa G, mhusika mwingine wa humo.

Na ile Horizon Deep, mji wa mgodi wa dhahabu wa kwenye tamthilia, ilituingia sababu huku kwetu karibu kila ukoo una kijana aliyeshuka mashimoni Mererani kutafuta tanzanite, tunajua mke anavyokaa roho juu mpaka mtu apande. Tamthilia nyingi za sasa ni majumba na magari tu. Naomba tv zetu ziirudishe tangu mwanzo, wanangu nao waione.

Msomaji wako, Moshi