Pesa za Kuazima Hazileti Viza

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kosa linalowagharimu wakazi wengi wa Mombasa wanaoomba viza ya Schengen, yaani ruhusa ya kuzuru kwa muda mfupi nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, nalo ni kuingiza benki pesa za kuazima siku chache kabla ya kupeleka maombi.

Mwaka jana mpwa wangu, fundi wa friji hapa Kisauni, alialikwa na mdogo wangu anayeishi Hamburg, Ujerumani, akamtembelee kwa wiki tatu. Wakala mmoja wa mjini akamshauri aijaze akaunti yake ili ionekane nzito, naye akakopa shilingi laki tatu kwa jamaa. Alipanda basi la usiku hadi Nairobi, akatoa alama za vidole, akalipa ada ya yuro 90 ambayo hairudishwi mtu akinyimwa, kisha akanyimwa. Afisa anayekagua taarifa ya benki hatazami salio la mwisho peke yake. Hurudi nyuma miezi kadhaa, na akaunti iliyozoea kuingiza elfu ishirini ishirini ikipokea laki tatu kwa mkupuo, lazima ajiulize zimetoka wapi.

Kinachoniuma ni kwamba deni lile halikuhitajika hata kidogo. Sheria ya Ujerumani inamruhusu mwenyeji kwenda katika ofisi ya wageni ya mji anakoishi, akaonyesha kipato chake na kutia saini hati rasmi ya kubeba gharama za mgeni wake, nayo hati hiyo ikaambatanishwa na maombi. Mpwa wangu angebakiwa na kazi ya kuthibitisha kwamba ana cha kumrudisha nyumbani: leseni ya biashara, mkataba wa kibanda anachokodi, mke na watoto. Vyote hivyo anavyo, na hakuna aliyemwambia avipeleke.

Masharti mengine yako wazi: bima ya matibabu ya safarini yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, pasipoti itakayodumu angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka huko, na maombi kupelekwa si mapema kuliko miezi sita wala si chini ya siku 15 kabla ya safari. Kwetu Pwani ningeongeza suala la majina, maana mtu huwa Mohamed kwenye kitambulisho na Muhammad kwenye cheti cha kuzaliwa, na marekebisho hayo hula muda.

Barua ya kukataliwa hutaja sababu, na kuomba tena kunaruhusiwa. Mpwa wangu ameshamaliza kulipa deni, na mdogo wangu ameahidi kwenda ofisi ya wageni mwezi ujao.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa