Chupa za Plastiki, Siyo za Kioo

Dodoma, Oktoba

Mwanaidi shoga yangu,

Mbukwenyi! Najua Mnyaturu wewe salamu za Kigogo hazikupandi, vumilia. Mimi mzima, hofu ni kwako, na mengine yote tuliyofundishwa kuandika mwanzo wa barua hesabu kwamba nimeyaandika. Kimya changu tangu harusi ya Halima mlaumu tanuru la maabara. Umeme ukikatika katikati ya uchomaji, shehena nzima haifai tena, naanza upya.

Nina ombi. Nahitaji maji ya visima vyenu kabla mvua hazijaanza. Ya masika ninayo. Bila ya mwisho wa kiangazi sina cha kulinganisha. Fedha ya utafiti imekatika, nikiuliza naambiwa "inashughulikiwa", na wewe mtumishi mwenzangu unajua maana yake. Chukua chupa za plastiki, siyo za kioo. Suuza kila moja mara tatu kwa maji ya kisima hicho hicho, jaza mpaka juu, funga, andika jina la kisima, tarehe na saa kwa wino usiofutika. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitazipokea stendi. Kisima cha pampu karibu na shule yenu usikiruke hata kwa dawa.

Ndicho kinachoninyima usingizi hicho. Nilipokuja, Mama Rehema alisimama na ndoo yake akanitazama ninavyojaza vichupa, halafu akauliza: "Sasa mwanangu, hawa wadogo wanywe au wasinywe?" Nikamwambia majibu yatakuja. Yamekuja, Mwanaidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floraidi, ile inayoharibu meno ikizidi majini, kwa lita, na kisima kile kimekipita mbali. Nimerudia kipimo, nimebadilisha elektrodi ya kupimia, namba ni ile ile.

Msimamizi wangu anasema nisubiri. Msimu mmoja hautoshi, niandike makala, iende kwa wahakiki, ndipo tuzungumze na watu wa halmashauri. Kisayansi ana haki, na mimi ningemwambia mwanafunzi wangu hivyo hivyo. Ila wahakiki wanaweza kukaa na makala mwaka mzima, na meno ya mtoto yanajengeka ndani ya ufizi mpaka umri wa miaka minane hivi. Doa la kahawia likishaingia, hata ukimhamishia mtoto kwenye maji matamu halitoki. Wakubwa wa Mama Rehema wamekwisha, kwa maana hiyo. Wanaookolewa ni wale wawili wadogo, na makala yangu ikitoka watakuwa… basi, unanielewa.

Kazi yenyewe usicheke. Nachukua mifupa ya ng'ombe machinjioni Kizota, naichemsha, naianika, naichoma kwenye hewa kidogo mpaka iwe mkaa. Maji ya kisima yakipita humo, floraidi inanaswa na madini yale yale yanayoupa mfupa ugumu. Moto ukiwa mdogo maji yananuka nyama. Ukizidi sana mkaa unapoteza nguvu. Kati ya nyuzi 400 na 500 ndipo ninapohangaika. Arusha wameshughulika na mkaa huu miaka mingi, kwa hiyo sijagundua Amerika. Langu ni kuona unachoka baada ya ndoo ngapi kwa maji ya huku kwetu. Mbwa wa mtaa mzima wananijua. Mama mwenye nyumba aliniuliza kwa adabu kama nimeanza uganga. Nikamwambia nasomea udaktari. Akasema, "Si ndiyo hayo hayo?"

Nimeamua hivi: mwambie Mama Rehema. Usitaje namba, ya nini kuwatia watu hofu kabla ya kipimo cha msimu wa pili. Mwambie kuchemsha hakuondoi floraidi, maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea, kwa hiyo asijidanganye na kuni. Mvua zikianza akinge ya bati awawekee wale wadogo kwa kunywa na kupikia uji. Ya kisima yafulie na kuogea. Na magadi kwenye maharage apunguze, nayo yana floraidi. Hayo hayahitaji makala yangu, yalijulikana kabla sijazaliwa. Msimamizi akinuna, atanuna. Nitamweleza mwenyewe, kwa maneno ya… sijui, nitayapata.

Tena usimwambie ukiwa pale kisimani mbele ya watu. Mfuate nyumbani. Na chupa zangu upeleke siku nyingine, wasije wakaunganisha mambo.

Sasa nijibu. Je, bati la Mama Rehema lina mfereji au anakinga na beseni? Mwalimu mkuu atakuelewa akikuona na chupa kisimani, au nimwandikie? Lile tenki la shule bado linavuja? Kijacho wako anapiga mateke? Mume amekubali jina la bibi au bado mnavutana? Kondakta gani hapo ni mwaminifu, maana mara ya mwisho kuku wako wa Singida alifika Dodoma akiwa hana mguu mmoja? Na Salome, ni kweli anachosema Halima?

Jibu kabla ya Ijumaa, nauli ya chupa nitakutumia kwa simu.

Wako,
Zawadi