Barua kwa rafiki anayeanza anatomia na fiziolojia

Mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi, natumai u mzima. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ule mwisho wake ulinichekesha: umehifadhi anwani za tovuti nyingi hadi hujui uanze na ipi, halafu unaniomba nikuongezee. Sikuongezei. Nitakupunguzia.

Chagua kitabu kimoja kiwe nguzo, vingine vyote vikizunguke. Mimi ningechukua kile cha OpenStax kiitwacho Anatomy and Physiology, kutoka kwenye mradi wa Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani. Ni cha bure kabisa, si ile bure ya wiki moja halafu uulizwe namba ya kadi ya benki. Toleo la kwanza lilitoka 2013, la pili 2022, na kina sura 28. Unaweza kukisoma kwenye kivinjari au kukipakua chote mara moja usome hata mtandao ukikatika. Faili ni zito, basi lipakue mahali penye intaneti nzuri. Maandishi yake yamepoa, sikufichi. Hakuna ukurasa utakaokukesheza kwa utamu. Lakini kila sura inaishia kwa maswali, na majibu wamekuwekea nyuma. Kama mwalimu wako hakulazimishi kufuata mpangilio wao, isome sura ya 12, inayoeleza jinsi neva inavyopitisha ishara, kabla ya sura ya 10 ya misuli. Ukishaelewa kwa nini ndani ya seli ya neva iliyotulia pana umeme wa takriban milivolti hasi 70, na sodiamu inaingiaje ghafla na potasiamu inatokaje baadaye, basi msuli, moyo na hata utumbo vitakuwa vinakurudia hadithi uliyokwisha kuisikia.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae niandike. Anatomia, yaani umbo la mwili, na fiziolojia, yaani jinsi unavyofanya kazi, zimefungwa jalada moja, lakini hazisomwi kwa namna moja. Anatomia inataka macho na mkono. Fiziolojia inataka kinywa. Wanafunzi wengi ninaowaona wakihangaika hutumia njia moja kwa zote mbili: wanatazama video, wanatikisa kichwa, wanapiga mstari wa rangi, wanalala.

Tuanze na macho. Kwa maelezo mafupi ya sehemu moja moja, tovuti ya TeachMeAnatomy inatosha: msuli unaanzia wapi, unashika wapi, unaendeshwa na neva ipi. Kenhub ina michoro mizuri zaidi na majaribio ya kutaja sehemu, ila sehemu yake kubwa ni ya kulipia. Halafu kuna programu za pande tatu, zile unazouzungusha mwili kwa kidole na kuuvua misuli tabaka kwa tabaka. Complete Anatomy inasifiwa sana, nayo ni ya kulipia. Kabla hujatoa pesa uliza maktaba ya chuo, kwani vipo vyuo vinavyolipia programu kama hizi na wanafunzi wenyewe hawana habari. Ya bure ipo Z-Anatomy, iliyojengwa juu ya maumbo ya BodyParts3D kutoka Japani.

Programu hizi nazipenda, na wakati huohuo zinanitia wasiwasi. Kila kitu kimeandikwa jina, kila kitu kinatii kidole, na unaondoka ukidhani umejua. Ni kama kupelekwa na dereva: umefika, lakini njia huijui. Dawa yake ni karatasi. Tazama ile mifupa minane ya kifundo cha mkono, funga skrini, ichore, andika majina, kisha fungua usahihishe kwa kalamu nyekundu. Mchoro ukiwa mbaya si kitu, maana hakuna atakayeupeleka kwenye maonyesho. Na chochote kinachopapasika, kipapase kwenye mwili wako mwenyewe. Gusa upande wa ndani wa kiwiko, nyuma ya ule mfupa uliojitokeza, ukiviringisha kidole polepole: kile kinachopeleka mtekenyo hadi kidole kidogo ni neva ya alna. Hakuna skrini itakayokufundisha hivyo.

Michoro nayo ina uongo wake wa heshima. Ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, nyekundu, vena zinazoirudisha za buluu, neva za manjano, kila kimoja kimetengwa na mwenzake. Ndani ya mwili hakuna aliyezipaka rangi. Katika maiti iliyohifadhiwa kwa dawa, neva, ateri ndogo na kano zaweza kuwa na weupe mmoja uliofifia, zimezingirwa na mafuta na utando ambao mchoraji aliufuta ili uone vizuri. Kwa hiyo usimalize mada bila kuangalia picha za miili halisi. Chuo Kikuu cha Michigan kina mkusanyo uitwao BlueLink, wenye picha na video za maiti zilizopasuliwa kwa ajili ya wanafunzi, na ni wa bure. Fungua mchoro upande mmoja na picha upande wa pili, uone ni mangapi yalikuwa yamerahisishwa.

Mkusanyo mwingine ninaourudia ni Visible Human wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Mwaka 1994 walitoa picha za mwili wa mwanamume uliogandishwa kisha ukasagwa milimita moja moja, kila uso mpya ukipigwa picha, jumla 1,871. Mwaka uliofuata ukatoka mwili wa mwanamke, safari hii kwa thuluthi ya milimita, picha zaidi ya 5,000. Tangu 2019 huhitaji kuomba leseni. Yule mwanamume alikuwa mfungwa aliyetekelezewa hukumu ya kifo huko Texas mwaka 1993, na alikuwa ameutoa mwili wake kwa sayansi. Watu wamebishana sana kuhusu ridhaa ya mtu aliye katika hali hiyo, na kwa maoni yangu wana haki ya kubishana. Nakuomba tu unapozipitisha picha hizo ukumbuke kwamba huyu alikuwa mtu.

Faida yake kwako ni moja kubwa: zinakuzoesha mwili uliokatwa kwa upana, na ndivyo utakavyouona kwenye CT na MRI, zile picha za hospitali zinazoonyesha ndani ya mwili. Jambo linalowachanganya wanaoanza ni kwamba picha hizo husomwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali. Basi ini, ambalo liko kulia kwake, litakuwa kushoto kwa skrini yako. Jizoeze mapema.

Tishu chini ya darubini nisikuchoshe nazo: fungua tovuti ya Histology Guide, vuta slaidi karibu, soma maelezo, basi.

Fiziolojia sasa. Hapa video zina kazi, ila zigawe. Khan Academy na zile za Crash Course, ambazo ni vipindi 47 vya dakika kama kumi hivi, ni za kufungulia mlango. Crash Course anaongea mbio, punguza kasi bila aibu. Mafunzo ya Ninja Nerd ni marefu, mwalimu anajaza ubao mzima, na yafaa ukishasoma sura, si kabla. Armando Hasudungan huchora huku akieleza, na mimi humwendea kwa homoni. Video yoyote utakayoichagua, isimamishe katikati na useme kwa sauti kitakachofuata. Ukishindwa, rudi kitabuni.

Nikupe mfano. Umeamka kitandani ukasimama ghafla. Anza: damu inavutwa kuelekea miguuni, inayorudi moyoni inapungua, shinikizo la damu linashuka. Vipokezi vinavyopima shinikizo hilo, vilivyo kwenye ateri za karotidi shingoni na kwenye tao la aota, ateri kuu inayotoka moyoni, vinavutwa kidogo kuliko mwanzo, vinapunguza ishara vinazotuma kupitia neva ya 9 na ya 10 za kichwa. Shina la ubongo linasoma upungufu huo, linaongeza amri ya simpathetiki, zile neva za kuuharakisha mwili, moyo unakwenda mbio na mishipa inabana. Yote haya yanatokea kabla hujafika mlangoni. Ukiweza kuusimulia mnyororo huo bila kuruka kiungo, umesoma. Kisha jiulize: na kama mgonjwa anatumia dawa inayozuia moyo kwenda mbio? Hapo ndipo fiziolojia inapoanza kuwa tamu. Au chukua figo: kwa siku moja zinachuja takriban lita 180, na mkojo ni kama lita moja hadi mbili. Lita nyingine zote zimekwenda wapi, zimerudishwa na nani, na kwa kusukumwa na nini? Swali hilo moja linabeba karibu nusu ya sura ya 25.

Kwa majina ya kukariri, na anatomia inayo kwelikweli, tumia Anki, programu ya kadi za kujiuliza maswali. Ni ya bure kwenye kompyuta na kwenye simu za Android. Ya iPhone inauzwa. Inakuletea kadi pale unapokaribia kuisahau, na siku hizi ina njia ya kuweka picha na kufunika majina yake, ukajiuliza sehemu moja baada ya nyingine. Makusanyo ya kadi yaliyokwisha kutengenezwa yapo tele, lakini tengeneza zako, hata kama ni chache, kwa sababu kuamua nini kiingie kwenye kadi ni kusoma tayari. Usiogope kushindwa unapojipima. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma kifungu na wale waliojipima bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki, waliojipima ndio waliokuwa mbele. Ile raha ya kusoma tena mstari uliopakwa rangi ni ya hizo dakika tano.

Mawili ya tahadhari. Utakutana na kitabu cha zamani cha anatomia cha Gray, toleo la Marekani la 1918, kimewekwa wazi mtandaoni kwa sababu hakimilikiwi tena na mtu. Michoro yake ya mifupa chukua kwa moyo mkunjufu. Kazi za tezi usizichukue humo: kitabu hicho kina umri mkubwa kuliko insulini, iliyotolewa kwenye kongosho mwaka 1921. Na programu za akili unde ziache zikuulize maswali, zinafanya vizuri. Lakini picha za mwili zinazozichora usiziguse. Nimeona zikiweka mishipa isiyokuwepo na majina yasiyosomeka, kwa rangi za kupendeza mno.

Zile anwani nyingine ulizohifadhi zifute tu, hazitakukosesha kitu.

Ukishaisoma ile sura ya 12, nenda kwenye sura ya 19, ya moyo. Ukimaliza niandikie, bila kufungua kitabu, unijibu hili: kwa nini misuli ya upande wa kushoto wa moyo hupata damu yake nyingi wakati moyo umelegea, na si wakati unasukuma? Na kama ni hivyo, moyo ukienda mbio sana, ni nani anayeumia kwanza?

Nasubiri.

Wako daima.