Barua kwa wajukuu wanaopigia gitaa chumbani

Wajukuu zangu,

Nawaandikia ninyi mnaopiga gitaa mlango ukiwa umefungwa, mnaojirekodi kwa simu sura isionekane, na mkiitwa mpige mbele ya wageni mnakumbuka ghafla kwamba mna kazi za shule. Nawajua. Wengine mnalala kwangu.

Mlinisumbua hadi nikaitazama hiyo anime yenu, katuni ya Kijapani iitwayo Bocchi the Rock!, vipindi vyote 12 vilivyoonyeshwa Japani kati ya Oktoba na Desemba 2022. Mnasema yule binti ndiye ninyi. Haya. Mimi nilipiga gitaa la rithimu, lile linaloshikilia mwendo wa wimbo, kwenye bendi za dansi mpaka vidole vikagoma, kwa hiyo nina haki ya kusema mawili matatu.

Gotoh Hitori ni binti wa Yokohama anayeogopa hata kuitikia salamu. Alimsikia mwanamuziki kwenye televisheni akisema kwamba hata mtu mpweke anaweza kung'aa akiwa na bendi. Akachukua gitaa la baba yake, la umeme aina ya Les Paul, jeusi, akajifungia kwenye kabati la ukutani akapiga saa sita kwa siku, miaka mitatu. Mtandaoni anajiita guitarhero na watu wanammwagia sifa. Shuleni hana hata wa kula naye. Sekondari ya juu akachagua ya mbali, mwendo wa saa mbili kwenda, asije akakutana na aliyemjua zamani. Ndipo Ijichi Nijika, mpiga dramu, anapomkuta bustanini juu ya bembea akiwa na gitaa lake, na kumwomba azibe pengo la mpiga gitaa wa bendi yake aliyetoroka siku ileile ya onyesho, huko Shimokitazawa, mtaa wa Tokyo wenye vikumbi vidogo vya muziki.

Sasa sikilizeni. Wanaingia mazoezini, na yule guitarhero anapiga vibaya. Hapo ndipo nilipojiweka sawa kitini, maana aliyeandika kisa hiki anaujua muziki. Chumbani wimbo unakusubiri. Ukikosea unarudia, ukiboronga unafuta video. Kwenye bendi dramu haimsubiri mtu. Inabidi usikie besi inakanyaga wapi, umtazame mpiga dramu begani ujue anakaribia kugeuza, upunguze sauti mwimbaji anapovuta pumzi. Hitori anatazama sakafu na kuukimbiza wimbo. Saa zote zile za kabatini zilimpa vidole, lakini sikio la kumsikia mwenzako halipatikani humo. Kwa hiyo yule anayeniambia kila mara, "Babu, nikiwa fundi ndiyo nitatoka," nampa jibu leo: ufundi unaoungojea haupo chumbani humo. Umebaki kwa wenzako, na utaupata ukiwa bado unatetemeka.

Na ninyi mlio wachangamfu, mnaowavuta wenzenu mkono mkiwaambia "jiamini, jiamini," tazameni walichofanya Nijika na Yamada Ryo wa besi. Hitori alipojikunyata akisema hawezi kusimama mbele ya watu, hawakumhubiria. Walimpa katoni tupu la maembe. Akaingia ndani, akapiga onyesho lake la kwanza humo, watazamaji wakiliona katoni tu. Mnacheka, nami nilicheka. Lakini kazi ilifanyika, na kesho yake hakuwa tena mtu ambaye hajawahi kupiga na wenzake. Mwenye soni humsaidii kwa kumsifia. Mpe kazi inayohitajika kweli na mahali anapoweza kuifanyia, hata kama ni nyuma ya spika akiwa amewapa watu kisogo. Siku akitaka kugeuka atageuka mwenyewe.

Na yule aliyetoroka ni nani? Kita Ikuyo, binti mcheshi kuliko wote shuleni, kipenzi cha kila mtu. Alidanganya kwamba anajua gitaa ili awe karibu na Ryo, akanunua besi ya nyuzi sita akidhani ni gitaa, na siku ya onyesho ilipofika akaingia mitini. Mwenye maneno mengi alikimbia, mwoga akaja ndani ya katoni. Kwenye bendi zetu nimeyaona hayo mara nyingi: mpenda watu na mtu wa jukwaa si lazima wawe mmoja.

Lakini msimcheke Kita, maana kipenzi changu ni yeye. Alirudi, akakubali kujifunza kutoka sifuri, akashika rithimu. Kwenye tamasha la shule yao, katikati ya wimbo, uzi wa gitaa la Hitori unakatika na mwingine unakataa kukazwa, huku zamu ya kupiga solo ikikaribia. Kita, ambaye hakufanya mazoezi ya kipande hicho, anajitupa kukijaza kwa alichonacho. Ndani ya nafasi hiyo ndogo Hitori anaokota gilasi ya pombe iliyoachwa hapo, anaiteleza juu ya nyuzi zilizobaki, na solo inatoka. Watu watamkumbuka wa solo. Mimi nilisimama sebuleni peke yangu nikampigia makofi wa rithimu.

Gilasi hiyo inanikumbusha Hiroi Kikuri, mpiga besi mlevi wa bendi nyingine. Ndiye aliyempeleka Hitori kupiga barabarani ili auze tiketi, maana kumbi zile humdai mwanamuziki pesa ya tiketi zisizouzwa. (Bendi zetu nyingi zilikuwa za mashirika, na ala ni za mwajiri; mzigo huo hatukuujua.) Alimwambia maneno mazuri, kwamba walio mbele yako si adui zako. Hitori, aliyekuwa amefumba macho, akafumbua, akaona msichana anamtia moyo. Shauri hilo nalikubali. Ila Hiroi mwenyewe alianza kunywa kwa hofu ya jukwaa lake la kwanza, na katuni inalichekea jambo hilo. Mimi nimewazika wapigaji walioazima ujasiri kwenye chupa. Pandeni na miguu inayotetemeka, hadhira haioni miguu.

Jambo jingine. Hitori haponi. Anaoga maji ya barafu ili augue asiende kazini, na hata baada ya tamasha lile, ambako alijirusha kwa watu wakampisha akaanguka chini, mwisho kabisa wa kisa bado ananung'unika kwenda kazini. Nimependa hivyo. Lakini anavyoyeyuka na kugeuka vumbi skrini nzima ni mzaha wa mchoraji. Hofu yako ikikunyima usingizi, chakula au shule, niambie mimi au mama yako, twende hospitali tukaonane na mtaalamu. Sitamwambia mtu mwingine.

Kwa anayependa chimbuko: majina ya ukoo ya mabinti hao wanne ni ya wanamuziki wa kweli, bendi ya Asian Kung-Fu Generation iliyoanza Yokohama mwaka 1996 kama kikundi cha wanafunzi wa chuo. Wimbo wa kufungia kipindi cha mwisho ni wao. Usikilizeni wa asili pia, hasa gitaa lile la nyuma.

Kuanzia Jumamosi hii, saa kumi jioni, sebule yangu iko wazi. Nimeondoa meza. Hakuna atakayealikwa kusikiliza, na simu zitabaki jikoni kwa bibi yenu. Tutapiga wimbo mmoja tu, polepole, mpaka tuumalize pamoja. Rithimu nitashika mimi mpaka mmoja wenu aniondoe. Dramu tumepata za kuazima kanisani. Wa besi bado tunamtafuta.

Babu yenu